Mgongo na Mikono ya Mganga

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Bwana Mwalimu, au Bibi Mwalimu, hakikisha tafadhali kwamba na walio nyuma wanasikia. Madaftari yafunguliwe. Leo mtaandika maneno matatu tu, nami nitayatamka polepole kila tutakapofika penye neno.

Twataka kusema habari za mgongo, na habari za watu wanaotibu mgongo kwa mikono yao. Nimechagua somo hili kwa ajili yenu mnaokaa Bulyanhulu na Kakola, na ninyi wa Geita, Nyarugusu na Mgusu, kwa kuwa dhahabu ya huko hutoka ardhini kwa migongo ya watu. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, ulioanza kazi mwaka 2001, una mashine za kuchimba na kubeba chini ya ardhi. Lakini katika maduara ya wachimbaji wadogo jiwe hupasuliwa kwa nyundo na tindo, hutiwa katika kiroba, huvutwa juu kwa kamba, kisha hubebwa begani mpaka kwenye karasha. Mama anayeponda mawe huinama tangu asubuhi. Mkulima wa pamba wa Shinyanga naye, mvua zikianza, huinamia jembe. Jioni wote hao, ukiwauliza habari, hutaja neno moja: kiuno.

Basi mtu akiumwa kiuno, mara nyingi haendi kwanza hospitali. Huenda kwa mama anayejua kuchua, au kwa mzee anayejua kukanda viungo na kuunga mifupa. Mimi sisemi kwamba anafanya vibaya. Mikono ni dawa ya zamani sana, na katika maumivu mengine ni dawa nzuri. Lakini yako maumivu ya mgongo ambayo mkono haufai kuyagusa kabisa, na mtu asiyeyajua anaweza kupooza miguu. Ndiyo sababu ya somo hili.

Kwanza tuujue mgongo wenyewe. Mgongo si mti mmoja kama nguzo ya nyumba. Ni vipande vingi vya mfupa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kila kipande huitwa pingili. Andikeni neno la kwanza: pi-ngi-li. Shingoni ziko pingili 7, kifuani 12, kiunoni 5. Jumla ni 24, na zote hizo huweza kupinda na kugeuka kidogo kidogo. Chini yake ziko nyingine zilizoshikamana, mpaka kwenye kifandugu. Baina ya pingili na pingili pana mto wa gegedu, ili mfupa usisagane na mfupa. Na pingili zina tundu. Ndani ya matundu hayo, toka juu hata chini, unapita uti wenyewe, kamba laini iliyoshuka kutoka kwenye ubongo. Kamba hiyo ndiyo inayoiamuru miguu iende na mkojo ungoje. Tutairudia baadaye.

Pingili zimefungwa pamoja kwa kano. Neno la pili: ka-no. Kano ni uzi mgumu unaoshika mfupa na mfupa mwenzake. Ukiteguka kifundo cha mguu, kinachouma mara nyingi ni kano iliyovutika, wala mfupa haukuhama mahali pake.

Sasa niwaambie habari za mtu mmoja wa Marekani aliyetaka kuifanya kazi ya mikono iwe elimu ya darasani. Jina lake Andrew Taylor Still, aliyezaliwa mwaka 1828 katika jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa mhubiri na tabibu, naye mwana akajifunza utabibu. Mwaka 1864 watoto watatu wa nyumba yake walikufa kwa homa ya uti wa mgongo. Matabibu waliitwa wakaja, na dawa zao hazikuwafaa watoto.

Yafaa mjue dawa za siku hizo zilikuwa za namna gani. Mgonjwa alitolewa damu. Alipewa pombe na kasumba. Tena alinyweshwa dawa iliyotengenezwa kwa zebaki. Ndiyo, zebaki, ile mnayoijua mwaloni, ambayo wachimbaji huitumia kukamata dhahabu, nayo huwatetemesha mikono wale wanaovuta moshi wake kwa miaka mingi. Wagonjwa wa huko waliinywa mpaka meno yakalegea. Basi si ajabu kwamba Still alizichukia dawa. Tarehe 22 Juni 1874 akatangaza njia yake mwenyewe, ambayo baadaye aliiita ostiopathi. Ni jina la Kiyunani, limetoka katika neno la mfupa na neno la maumivu. Hamna haja ya kuliandika. Alizunguka mjini hata mjini akitibu viungo vya watu, akijitangaza kuwa muungaji mifupa mwepesi kama radi. Kwa hiyo wazee wetu wanaounga mifupa wasimwone kuwa mgeni sana. Kazi yao na yake ni ndugu. Mwaka 1892 akafungua chuo katika mji mdogo wa Kirksville, jimbo la Missouri, na tangu darasa la kwanza wanawake walikubaliwa. Mwaka 1917, ambao ndio mwaka aliokufa, mwanafunzi wake mmoja aliyeitwa John Martin Littlejohn alianzisha chuo kama hicho London.

Still alifundisha nini? Mafundisho yake ni mengi, na mengine yana maneno makubwa mno. Lakini ndani yake mna mambo ambayo mkulima na mchimbaji huyaelewa upesi kuliko mtu wa ofisini.

Alisema mwili ni kitu kimoja. Tuseme mtu ameteguka kifundo cha mguu wa kulia. Anachechemea mwezi mzima, uzito wote anautupa mguu wa kushoto. Baada ya muda anasema, "Mguu umepona, lakini sasa kiuno kinaniuma." Mganga anayetazama kiuno peke yake hataona kitu. Yampasa aulize habari za mguu.

Alisema tena kwamba mwili hujiponya. Hili ni kweli kuliko watu wanavyodhani. Hakuna daktari duniani anayeunga mfupa uliovunjika. Mfupa hujiunga wenyewe. Daktari huunyoosha tu na kuushika utulie, kwa plasta au kwa chuma, na mzee wa kijijini huushika kwa vibanzi vya mti. Kazi ya mponyaji ni kuondoa kizuizi, kisha kungoja.

Na alisema kwamba umbo na kazi huenda pamoja. Ninyi wa Shinyanga, nchi ya baiskeli, mtanielewa. Rimu ikipinda, baiskeli huyumba. Lakini pia ukiipakia baiskeli gunia mbili na kuipitisha mashimoni kila siku, rimu itapinda. Umbo baya huharibu kazi, na kazi mbaya huharibu umbo. Mgongo ni vivyo hivyo.

Hapo alikuwa amesema vyema. Penye kosa ni hapa: Still alidhani kwamba karibu maradhi yote hutokana na mfupa au kiungo kisichokaa sawa, kikazuia damu na mishipa ya fahamu isifanye kazi yake, ukikirudisha, ugonjwa utaondoka. Miaka minane baada ya tangazo lake, yaani tarehe 24 Machi 1882, daktari wa Ujerumani Robert Koch alitangaza kwamba amewaona wadudu wa kifua kikuu. Wadudu hao hawajali kama pingili zako zimenyooka. Leo waganga wa ostiopathi wa Marekani ni madaktari kamili. Huandika dawa na hupasua wagonjwa kama madaktari wengine. Katika nchi nyingine nyingi wao hutibu kwa mikono peke yake, na Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2010 kwamba mtu anayeanza bila elimu ya utabibu ahitaji masomo ya saa 4,200, na katika hizo saa 1,000 awe anatibu mbele ya mwalimu wake. Kumbukeni hesabu hiyo mtakapomwona kijana wa gulio anayevuta shingo za watu baada ya kutazama sinema.

Mganga wa namna hiyo aliyefundishwa hufanya nini hasa? Hukuuliza kwanza. Maumivu yalianza lini, ulikuwa ukifanya nini, usiku unalala? Kisha hukutazama umesimama, umeinama, umegeuka. Ndipo huweka mkono. Huweka mgongo wa kiganja apate kusikia joto, hulinganisha upande wa kulia na wa kushoto, hutafuta misuli iliyokaza kama kamba ya ndoo. Akiisha kuona, huchua pole pole, au huvuta kiungo kidogo kidogo. Njia moja nzuri ni hii: anakuambia usukume mkono wake kwa nguvu kidogo, huku yeye anauzuia, baada ya kuhesabu mpaka tano unalegea, na hapo kiungo hukubali kwenda mbele zaidi kuliko kwanza. Hakuna kulazimishana.

Wako wanaosukuma pingili kwa ghafla, ikasikika sauti, ka! Wagonjwa hufurahi wakidhani mfupa umerudi mahali pake. Sivyo. Sauti hiyo ni ya hewa iliyomo katika maji ya kiungo, kama ile ya vidole mnapovivunja. Mtu aweza kusikia nafuu baada yake, lakini sauti yenyewe si ushahidi wa kupona, na anayekutoza fedha kwa hesabu ya milio anakuuzia hewa.

Hapa kwetu, hospitalini, mtu mtakayemkuta kwa kazi hii ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wengine wao wamefundishwa KCMC, Moshi. Njia zake nyingi hufanana na hizo nilizozieleza, naye husisitiza sana mazoezi.

Je, mikono yafaa kweli kwa kiuno? Kwa maumivu ya kawaida, yafaa kiasi. Kwa hesabu ya wataalamu, mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na wengi wao hawakuwa na ugonjwa mkubwa ndani; misuli na kano zilichoka. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa ajili ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Katika mambo linaloyakubali mna mazoezi, mafundisho, kuchuliwa, na kutibiwa pingili kwa mikono. Mikanda ya kufunga kiunoni halikuikubali, wala kuvutwa mgongo kwa kamba na mizigo. Tena madaktari wa siku hizi hawamwambii mtu alale kitandani wiki nzima kama zamani. Tembea. Fanya kazi nyepesi. Mgongo uliolazwa sana hudhoofika.

Na kwa wabeba viroba, mimi naona dawa iliyo bora ni kiroba kidogo. Gawanya mzigo mara mbili. Ushike karibu na mwili. Mama anayeponda mawe apate kigoda, na jiwe la kupondea liinuliwe juu kidogo ili asiiname mno, tena asimame kila baada ya muda. Najua malipo ni kwa kiroba, na mwenye karasha hangoji. Lakini msimamizi wa duara anayesikiliza maneno haya aweza kuagiza viroba vidogo leo hii, na dhahabu haitapungua.

Sasa neno la tatu. Andikeni: ki-fu-a ki-ku-u. Mwajua kwamba ugonjwa huu hukaa kifuani. Je, mwajua kwamba hukaa na mgongoni? Mwaka 1779 daktari wa London aliyeitwa Percivall Pott alieleza habari za watu ambao mgongo wao ulitoa nundu, kisha miguu ikapooza. Leo twajua kwamba wengi wa namna hiyo ni wagonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wadudu hutoka mapafuni, husafiri katika damu, huingia katika pingili na kuila. Pingili iliyoliwa huporomoka kama duara lililooza matimba, na usaha pamoja na vipande vya mfupa huigandamiza ile kamba laini niliyowaambia. Hapo miguu hukosa amri.

Jambo hili lawahusu ninyi wa migodini kuliko watu wengine. Vumbi la jiwe jeupe la dhahabu likivutwa miaka mingi hukwaruza mapafu, na mapafu yaliyokwaruzwa hivyo huwapa wadudu wa kifua kikuu nafasi. Na watu wanaolala wengi katika kibanda kimoja huambukizana. Tena, mwenye ugonjwa huu mgongoni si lazima akohoe. Anaweza kuwa mchimbaji kijana mwenye nguvu anayesema tu, "Mgongo unaniuma, nadhani ni viroba." Wenzake humkubalia, kwa kuwa wote wanaumwa migongo. Anapelekwa kukandwa. Mkandaji huona pingili moja imetokeza, hudhani imehama, akaisukuma irudi. Pingili hiyo tayari imeliwa. Mfanya wema huyo amekwisha kumvunja mwenzake.

Kwa hiyo kabla mkono haujafika mgongoni, yapasa kuuliza. Maumivu ya kazi kwa kawaida hupungua ukipumzika, na wiki hata wiki hupata nafuu. Maumivu yanayozidi, yanayokuamsha usiku, yanayokuja na homa ya jioni, jasho la usiku au kukonda, hayo si ya kukanda. Nundu iliyotokea katikati ya mgongo si ya kukanda. Miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, mtu akishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au akiwa na ganzi mahali anapokalia, huyo asingoje hata kesho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kama inahitajika apelekwe mbele mpaka Bugando, Mwanza. Na mtoto mdogo anayelalamika mgongo siku nyingi apelekwe pia. Watoto hawabebi viroba, au hawapaswi.

Kifua kikuu cha mgongo kina dawa. Katika Tanzania dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Humezwa miezi mingi bila kukatiza, hata mtu akijiona amepona. Aliyewahi mapema, mara nyingi miguu yake hurudi. Mkandaji mwenye akili atakayemrudisha mtu mlangoni na kumwambia, "Ndugu yangu, huyu si wangu, nenda zahanati," huyo kwangu ni mganga hasa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga wa asili na kuwataka waandikishwe, haikuwafukuza. Basi na hospitali isiwacheke wanapoleta wagonjwa.

Jambo jingine la haraka. Mwenzenu akianguka duarani, msimvute mikono wala msimkalishe. Huenda pingili imevunjika, na kumkunja kutaikata kamba ya ndani. Kama mahali pale hapana hatari ya kuporomoka, mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisitikisike. Wengine wamgeuze wote kwa pamoja, kama gogo, mpaka juu ya mlango au ubao mpana, wamfunge hapo, ndipo wambebe.

Tumalize kwa kazi ya mikono yenu wenyewe. Mfupa uliovunjika ukifungwa vibanzi, mkono au mguu huvimba baadaye, na kile kifungo kilichokuwa cha kadiri hugeuka kitanzi. Damu haipiti. Watu wamekatwa mikono kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya mfupa. Basi kila mwanafunzi ashike kidole cha jirani yake. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe. Sasa achia, ukihesabu: moja, mbili. Umerudi kuwa na rangi yake? Vyema, damu inapita. Mgonjwa aliyefungwa vibanzi apimwe hivyo mara nyingi kwa siku, katika vidole vilivyo mbele ya kifungo. Ukucha ukichelewa kurudi, au vidole vikiwa baridi, vya rangi ya samawati au vyenye ganzi, au akilia kwa maumivu anaponyooshewa vidole, legezeni kifungo papo hapo, hata usiku wa manane, msimngoje mzee aliyekifunga. Kisha mpelekeni hospitali.

Bwana Mwalimu, waache wapimane mara moja zaidi, kila mtu na jirani wa upande wa pili. Baadaye waandike majina ya maumivu ya mgongo yasiyokandwa, kila mmoja kwa maneno yake, na wasomeane. Kwaherini.